"Presently": Kielezi Kilichonisahihisha

Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha zoezi la tafsiri la mwaka wa pili. Kifungu kilitoka katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi (1969). Antonio hana fedha taslimu, mali yake yote iko baharini, naye anamwambia Bassanio aende kuulizia mkopo mjini. Aende lini? "Presently". Wanafunzi wengi waliandika "kwa sasa", nikawapa alama. Mmoja aliandika "mara moja", nikamnyima. Kumbe yeye ndiye aliyepata.

Kosa langu lilikuwa kupima matini ya zamani kwa mizani ya leo. Enzi za Shakespeare, kielezi hiki kilitumika sana kwa maana ya papo hapo. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inakitumia hivyo katika Mathayo 21:19, pale mtini unaponyauka. Baadaye maana ililegea, ikawa "baada ya muda mfupi". Maana ya "kwa sasa" nayo ni ya zamani. Ilidumu hasa Uskoti na Marekani, ingawa baadhi ya walimu wa Kiingereza huikemea hadi leo.

Hata "soon", katika Kiingereza cha Kale, kilimaanisha papo hapo. Kwa nini vielezi hivi hulegea? Nadhani ni kwa sababu binadamu huahidi haraka na kutekeleza polepole, na neno huchakaa pamoja na ahadi. Nasi tusicheke. Mtu akikuambia "nakuja sasa hivi", je, huweki maji ya chai jikoni kwanza?

Wanafunzi wetu wengi huingia katika Kiswahili kupitia Kiingereza, na kamusi za lugha mbili huwapa visawe bila kuwatajia karne. Basi kabla ya kuchagua kisawe tujiulize: matini iliandikwa lini? Nani anamwambia nani? Jambo lenyewe linaweza kungoja? Antonio hakuwa na la kungoja. "Kwa sasa" inampoza mtu aliyekuwa akimhimiza rafiki yake.

Nasi walimu, tukikutana na jibu tusilolitarajia, tufungue kamusi ya kihistoria kabla ya kushika kalamu nyekundu. Alama za yule mwanafunzi nilizirudisha, lakini alikuwa ameshaanza kuandika "kwa sasa" kila mahali.