Mashine mbili, lalamiko moja: lini ubadili prosesa ya kompyuta ndogo ya mezani

Kompyuta ya mezani ikianza kuchelewa, wateja wengi humwendea fundi na dawa yao mkononi: "Niwekee prosesa kubwa." Mara chache ombi hilo huwa sahihi. Mara nyingi ni hela inayopotea. Leo tunachambua kazi mbili zilizofanyika kwenye mashine mbili za aina moja, Dell OptiPlex 7010 za umbo dogo, moja Makambako na nyingine Njombe mjini, kilomita 60 hivi kutoka hapo. Zote mbili zilikuwa za mtumba, zote zilikuwa na prosesa ya Core i3-3220, na wenyewe walilalamika kwa maneno yaleyale: "Inazunguka tu, haifanyi kazi." Moja ilistahili prosesa nyingine, ya pili haikustahili. Kilichoamua ni kipimo, na kipimo chenyewe hakikuhitaji kufungua skurubu hata moja.

Pima kwanza

Windows ina programu yake iitwayo Task Manager. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia kwenye ukurasa wa Performance, kisha fanya kazi ileile inayokukera huku ukitazama mistari mitatu: CPU, Memory na Disk. Mstari unaogonga asilimia 100 na kubaki huko ndio wenye ugonjwa. Usipime mashine ikiwa imekaa tu, kwa kuwa hapo zote huonekana nzima.

Mashine ya Makambako ni ya duka la steshenari. Mchana inachapa barua, inaskani vyeti na kujaza maombi ya mikopo na ajira mtandaoni. Jioni mwenye duka anahariri video za kwaya na harusi. Mashine hiyo ilikwisha kuwekewa diski ya SSD na RAM ya GB 8. Video ilipokuwa inatolewa kuwa faili la kuchezwa kwenye simu, CPU ilipanda hadi asilimia 100 ikakaa hapo mwanzo hadi mwisho. Diski ilikuwa haina kazi na RAM ilibaki. Hapo prosesa ndiyo iliyoelemewa, hakuna ubishi.

Mashine ya Njombe ni ya ofisi inayonunua parachichi. Kazi yake ni Excel, barua pepe na kuchapa risiti. CPU yake haikuvuka asilimia 20 kwa muda wa maana, lakini diski iligonga 100 tangu mashine inapowashwa, na RAM yake ya GB 4 ilikuwa imejaa. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski. Hata diski ya kawaida inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huweza kusoma vipande vidogo kama mia moja tu kwa sekunde, wakati SSD ya SATA husoma makumi ya maelfu. Ukiiwekea mashine kama hiyo Core i7, unapata prosesa yenye nguvu zaidi inayosubiri diski ileile. Iliwekewa SSD na RAM ikaongezwa kufikia GB 8. Prosesa haikuguswa, na lalamiko likaisha.

Kinachoingia na kisichoingia

Baada ya kipimo kuonyesha kwamba prosesa ya Makambako ndiyo yenye tatizo, swali lililofuata lilikuwa ni ipi inayokubalika. Hapa ndipo hela nyingi hupotelea. Kutoka Kariakoo hadi Makambako ni zaidi ya kilomita 600. Kifaa kisichoingia kinarudi na basi lilelile, na mwenye duka anabaki na mashine iliyofunguliwa juu ya kaunta.

OptiPlex 7010 ilitoka 2012. Chipuseti yake ni Q77 na soketi yake ni LGA 1155. Inapokea prosesa za Intel za kizazi cha pili na cha tatu tu, yaani zile ambazo namba zake huanza na 2 au 3, kama i5-2400 au i5-3470. Neno "i5" peke yake halitoshi. Prosesa ya i5-4570 ya 2013 ni kizazi cha nne na hukaa kwenye soketi ya LGA 1150. Kwa macho zinalingana kabisa ukubwa, ila mikato ya pembeni iko mahali tofauti. Anayelazimisha anapinda pini za soketi, na mazabodi inakuwa imekwisha.

Wala soketi kufanana hakutoshi. OptiPlex 790 na 990 za 2011 nazo zina LGA 1155, lakini BIOS zake, yaani programu inayoiamsha mashine, hazikuandaliwa kwa kizazi cha tatu. Fundi atafunga i5-3470 vizuri, kila kitu kitakaa mahali pake, na mashine haitawaka. Kwa hiyo soma namba ya mashine iliyoandikwa kwenye kasha, siyo namba ya soketi peke yake.

Jambo la tatu ni umeme na joto. Kasha dogo la 7010 lina pawa saplai ya wati 240, na mtiririko wake wa hewa una njia moja nyembamba. Prosesa tatu zilikuwa mezani. Ya kwanza ni i5-3470: viini vinne, kasi ya 3.2 hadi 3.6 GHz, wati 77. Ya pili ni i5-3470S: viini vinne vilevile, 2.9 hadi 3.6 GHz, wati 65. Ya tatu ni i7-3770: viini vinne vyenye uwezo wa kubeba kazi nane kwa wakati mmoja, 3.4 hadi 3.9 GHz, wati 77. Ile iliyokuwamo, i3-3220, ina viini viwili vinavyobeba kazi nne, 3.3 GHz, wati 55.

Mwenye duka alitaka i7. "Fundi, niletee kubwa tu, tumalize maneno." Tukakaa chini tukapiga hesabu. Kwa kazi ya video, uwezo wa kiini kubeba kazi mbili huongeza nguvu kama robo hivi, haufanyi viini viwili kuwa vinne. Kwa msingi huo, video iliyokuwa inamaliza dakika 60 kwenye i3 ingeshuka chini ya dakika 40 kwenye i5-3470, na kwenye i7-3770 ingekaribia dakika 30. Tofauti ipo. Lakini i7-3770 iko kileleni mwa soketi hiyo, na prosesa ya kileleni hubaki ghali miaka yote, kwa sababu kila mwenye mashine ya aina hiyo anaitafuta. Video za kwaya hutolewa jioni duka likiwa limefungwa, hivyo dakika kumi za ziada hazikuwa na thamani ya bei iliyoongezeka. Ikachaguliwa i5-3470.

Mwenye duka aliambiwa na jambo lingine kabla ya kutoa hela. Kazi inayotumia kiini kimoja, kama kuandika barua au kufungua ukurasa wa maombi, ingepata nafuu ndogo tu. Kutoka 3.3 hadi 3.6 GHz ni asilimia 9, na asilimia 9 haionekani kwa macho. Mteja akiambiwa hivyo mapema, hatarudi kesho kudai kwamba ameibiwa.

Hewa nyepesi, chumba baridi

Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako iko chini yake kidogo. Kwenye mwinuko huo uzito wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa Pwani. Feni inasukuma ujazo uleule wa hewa, ila hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo inabeba joto kidogo zaidi ya nne ya tano tu ya lile ambalo ingebeba Dar es Salaam, kwa maneno mepesi: hasara ya karibu moja ya tano. Je, prosesa ya wati 77 itaungua huku?

Hesabu inajibu. Intel imeweka kikomo cha nyuzi joto 67.4 kwenye kifuniko cha i5-3470. Dar es Salaam, chumba kikiwa na nyuzi 30, feni ina nafasi ya nyuzi 37 za kufanyia kazi. Njombe, chumba kikiwa na nyuzi 15, nafasi ni 52. Punguza kwa sababu ya hewa nyepesi, unabaki na nguvu ya kupoza sawa na nyuzi 43 hivi za Pwani. Baridi ya Nyanda za Juu inalipa deni la mwinuko na chenji inabaki.

Chenji hiyo huliwa na uchafu. Kipoza joto cha mashine ya Makambako kilipotolewa, mapezi yake yalikuwa yamefunikwa na tabaka nene la kijivu: vumbi jekundu la barabarani, nyuzinyuzi za karatasi kutoka kwenye mashine ya kutoa kopi, na majivu ya jiko la mkaa linalowekwa chini ya kaunta Juni na Julai. Hewa ilikuwa haipiti. Sehemu ya uchovu wa ile i3 ilitoka hapo, kwa sababu prosesa ikipata joto sana hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Jiko la mkaa lihamishwe mbali na kompyuta, na zaidi ya hapo lisiwashwe kwenye chumba kilichofungwa madirisha, maana moshi wake usioonekana unaua watu.

Kazi yenyewe

BIOS huboreshwa prosesa ya zamani ikiwa bado imo. Kwa 7010, faili la toleo la A29 huwekwa kwenye flashi, unabonyeza F12 mashine inapowaka na kuchagua kuboresha BIOS. Fanya hivyo mashine ikiwa kwenye UPS yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati ya hatua hii, mazabodi inaweza kufa.

Kisha chomoa waya wa umeme na ubonyeze kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe. Vua sweta. Huku kwetu kila mtu amevaa sufu wakati wa kipupwe, hewa ni kavu, na sufu ikisuguana na nguo nyingine hukusanya umeme tuli unaoweza kuua chipu bila wewe kuhisi chochote. Shika chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu cha ndani.

Kipoza joto hushikwa na skurubu nne. Zilegeze kwa kukingamisha, kona hii kisha kona inayoitazama. Kikigoma kutoka, kizungushe taratibu kushoto na kulia. Usikivute kwa nguvu. Pesti ya zamani hufutwa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, pande zote mbili.

Ukishainua kifuniko cha soketi na kutoa prosesa, washa tochi ya simu na uimulike kwa ubavu. Pini zote 1,155 ziakisi mwanga kwa mpangilio mmoja. Iliyopinda itajionyesha hapo. Prosesa ya mtumba nayo ikaguliwe: kifuniko chake kiwe na maandishi ya i5-3470 na alama SR0T8. Ikiwa imeandikwa "Intel Confidential", hiyo ni sampuli ya majaribio, irudishe kwa aliyekuuzia. Linganisha pembetatu ya dhahabu na alama ya soketi, iweke, na iachie ikae kwa uzito wake. Nguvu hutumika kwenye mkono wa kufungia tu.

Pesti inayotosha ni kiasi cha punje ya mchele, katikati. Rudisha kipoza joto, kaza skurubu kwa kukingamisha tena, chomeka waya wa feni. Na kwa kuwa kasha liko wazi, badilisha betri ndogo ya CR2032. Ikiisha, saa ya mashine hurudi nyuma miaka, na tovuti nyingi hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana ni vya tarehe isiyo sahihi. Wateja wengi huiita hiyo "intaneti mbovu".

Mashine ilipowashwa, F2 ilionyesha jina la i5-3470 na viini vinne. Kazi haikukabidhiwa hapo. Ilitolewa video ndefu ya kwaya huku programu ya HWiNFO ikionyesha joto, na mwenye duka akiwa amekaa pembeni anatazama. CPU ilifika asilimia 100, kama inavyotakiwa. Joto halikukaribia kikomo, na muda ulishuka kama hesabu ilivyosema.

Mwisho wa safari ya mashine hizi

Kuna mpaka ambao prosesa haitauvuka. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Hakuna prosesa ya LGA 1155, hata i7-3770, inayoifikisha 7010 huko kwa njia rasmi. Anayeendelea kuitumia kwa kazi za mtandaoni aanze kuzoea Linux Mint, ambayo hutembea vizuri kwenye mashine hizi na bado inapata masasisho ya usalama.

Kwa hiyo hukumu ni hii. Badilisha prosesa pale tu ambapo kipimo kimeonyesha CPU imeelemewa huku diski na RAM zikipumua, na bei ya kifaa isifike nusu ya bei ya mashine ya mtumba ya kizazi cha nane, yenye i5-8500 ya viini sita. Ikifika nusu, weka hela hiyo akiba ya mashine inayofuata. Na wewe mwenye duka au ofisi, kabla fundi hajashika bisibisi, mwambie akuonyeshe mistari ile mitatu kwenye skrini. Akishindwa kukuonyesha tatizo lilipo, usimpe hela ya prosesa.