Wekundu wa Mawese ya Rumonge

Mvinyo mwekundu wa Bordeaux na mawese ya Rumonge vina jambo moja linalovikutanisha: vyote hutoka kwenye tunda linaloanza kubadilika mara tu linapokatwa, na ubora wake uko mikononi mwa mtu anayejua asubiri mpaka lini. Ila mvinyo ule husifiwa kwa kukaa miaka na miaka ghalani. Mawese husifiwa yakiwa mapya.

Ukitoka Bujumbura ukafuata barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika kuelekea kusini, baada ya kilomita sabini na kitu unaingia Rumonge, nchi ya michikichi. Joto la uwanda wa Imbo linaufaa mti huu. Ukipanda milima ya Bururi, baridi inaukataa. Iko michikichi ya dura, yenye kokwa la gamba nene na nyama kidogo, na iko ya tenera, yenye gamba jembamba na nyama tele. Kwamba tenera ni mtoto wa dura na aina ya tatu, pisifera, ni jambo lililothibitishwa na Beirnaert na Vanderweyen wa kituo cha utafiti cha Yangambi, Kongo, mwaka 1941. Mkulima anayepanda tenera leo anafaidi kazi yao.

Lakini mbegu nzuri haitoshi. Matunda machache yakishadondoka yenyewe chini ya mti, mkungu umeiva. Hukatwa, ukachanjwa vipande kwa panga, ukafunikwa ili matunda yaachie. Hapo ndipo ufundi ulipo. Ukifunika siku mbili tatu, matunda bado yameng'ang'ania na miiba itakuchoma vidole ukiyachambua. Ukingoja wiki nzima yatapukutika bila jasho, ila kimeng'enya kilichomo ndani ya nyama ya tunda kitakuwa kimekwisha kuyavunja mafuta kuwa asidi, na mawese yake yatakwaruza koo. Kinachokizima kimeng'enya hicho ni moto tu. Kwa hiyo heshima yangu kubwa naitoa kwa akina mama wanaokaa na mikungu migumu kutwa nzima, wakichambua tunda moja moja, ili pipa la kuyachemshia liwahi kuinjikwa.

Matunda huchemka kwa saa kadhaa mpaka nyama ilegee, kisha hupondwa na kukamuliwa yangali moto; yakipoa mafuta hayatoki sawasawa. Kinachotoka ni mchanganyiko mzito wa maji, nyuzi na mafuta. Hurudishwa motoni, mafuta yakielea huenguliwa polepole kwa bakuli, matope yakibaki chini. Halafu yanachemshwa tena kuondoa maji, na hapa fundi hutumia masikio. Maji yakiwemo, mafuta hutatarika. Mtatariko ukipungua, moto hupunguzwa. Ukikoma kabisa, kuni hutolewa papo hapo. Akikatisha mapema, maji yaliyobaki yataharibu mawese dumuni. Akizidisha, wekundu unaungua.

Na wekundu huo si pambo. Ni karotini, ile ile ya karoti, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Tazama chupa ya mawese mazuri iliyolala kwenye baridi: chini yameganda punjepunje, rangi ya chungwa iliyopauka, juu yamebaki majimaji, mekundu, yanapenya mwanga. Baadhi ya wapishi huyachoma mawese mpaka yafuke moshi na kuwa meupe kabla ya kutia kitunguu. Naona hilo ni hasara tupu. Sombe, yaani kisamvu, na maharage havihitaji mafuta meupe, wala ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika.

Ukipita Rumonge kununua dumu, usianze na bei. Muulize mama muuzaji matunda yalikaa siku ngapi kabla ya kuchemshwa, kisha omba uonje tone moja. Yakipita kooni bila kukwaruza, mlipe anachotaka.