Habari za Wakilindi: katiba iliyokaa kwenye ukoo

Watu wengi wanamsifu Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kwa hadithi: Mbegha mwindaji wa nguruwe, simba aliyeuawa, utawala wa Vuga. Sawa, ni tamu kweli. Safari hii nilikisoma kitabu chake kama katiba, na kimenikera vizuri.

Mwangalie Kimweri anavyotawala. Nguvu yake ni wanawe. Huyu anampa nchi hii, yule nchi ile, na kila mmoja anatoza na kuamua kesi kwake huku akiitambua Vuga. Kwa lugha ya leo hilo ni shirikisho, ila linashikwa na kitu kimoja tu: baba yu hai. Baba akafariki mwaka 1862, kiti kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu. Sasa Semboja wa Mazinde, siku hizi Wilaya ya Korogwe, amtii vipi kijana anayemwita yeye baba? Vita. Wabondei nao wakapata upenyo, wakawafukuza Wakilindi. Kurasa hizo ndizo bora kitabuni, ingawa zisomwe kwa tahadhari: mwandishi aliishi upande wa Semboja.

Mimi ni mtoto wa Handeni, kwa hiyo nina kinyongo changu. Mbegha anatoka milima ya Nguu, huku kwetu. Akishavuka kwenda Usambara, sisi Wazigua tunageuka adui wa mpakani, watu wa kumuua Shebuge basi. Asiye na mfalme hana sura yake kitabuni.

Na Waingereza walisoma nchi hivyohivyo. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 ilitaka chifu wa kushikwa mkono. Vuga wakamrudisha Kinyashi, kana kwamba kamba ya Kimweri haikuwahi kukatika. Handeni hapakuwa na kiti kimoja cha kurudisha. Palikuwa na koo na wazee wao, na machifu ikabidi watengenezwe. Sidai kwamba maofisa walikuwa na kitabu hiki mezani. Lakini nusu yake ya pili inatosha kuonyesha kwamba walichokiita mila ya kale kilikuwa kimeshavunjika wenye nacho wakiona.

Machifu walifutwa kisheria mwaka 1963, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kuchapishwa upya. Kinachokosekana rafuni kwangu ni kitabu cha pili: Mzigua wa enzi zilezile, akieleza kwa Kiswahili kizuri kama hiki jinsi kijiji kisicho na mfalme kilivyomaliza kesi ya mbuzi.