Bendi Nzima Mikononi mwa Mtu Mmoja

John De'Mathew kutoka Gatanga, gwiji wa benga, muziki wa magitaa wa Kenya, alifariki tarehe 18 Agosti 2019 baada ya gari lake kugonga lori kwenye barabara kuu ya Thika, karibu na hoteli ya Blue Post. Hata hivyo, katika vilabu vya Thika na Ruiru nyimbo zake hazijanyamaza. Wanaoziimba ni wapigaji wa mugithi: mtu mmoja, gitaa moja, kipaza sauti, na mara nyingi kinanda cha kutoa midundo. Wanafanyaje kazi iliyokuwa ya bendi nzima?

Tuanze na wimbo wenyewe. Benga hutaka gitaa la solo, la ridhimu na la besi, ngoma, na waitikiaji. Beti huimbwa magitaa yakiwa chini. Kisha mwimbaji anatulia, solo inapanda na kujibu sauti yake. Mtu mmoja hawezi kuyabeba yote, kwa hiyo ustadi wake unaanzia katika kuchagua cha kuacha.

Midundo anaiachia kinanda. Besi huiachia kinanda pia, au huigusia kwa dole gumba kwenye nyuzi nene. Anapoimba, vidole vinashika ridhimu tu. Mstari ukiisha, kabla hajavuta pumzi ya mstari unaofuata, anaruka kwenye nyuzi nyembamba na kudondoa jibu fupi la solo, kisha anarudi. Kiungo hicho cha sekunde chache ndicho kinachomtofautisha fundi na mwanafunzi. Akichelewa, mdundo unamwacha. Akiliruka jibu, wimbo unabaki maneno matupu.

Waitikiaji je? Ni wateja. Mpigaji mwerevu hupiga "Peris Nduku" ya De'Mathew kwa sauti ambayo ukumbi mzima unaimudu, hata ikiwa chini ya ile ya kanda. Ikifika kwenye kiitikio anasogea mbali na kipaza sauti, watu wanamalizia. Huunganisha nyimbo bila kusimama, akipandisha kasi kidogo kidogo, kwa sababu wachezaji wameshikana mabega katika msururu mrefu, na kimya cha ghafla huukata.

Katika filamu ya mwaka 2007 kuhusu Édith Piaf, mwimbaji maarufu wa Ufaransa, kazi ya kumrudisha mwimbaji aliyefariki iligawanywa: Marion Cotillard aliigiza maisha yake, lakini sehemu kubwa ya nyimbo iliimbwa na Jil Aigrot. Mpigaji wa Ruiru hana wa kugawana naye. Akijaribu kuiga koo la De'Mathew, mashabiki waliomjua watamgundua mara moja. Anayefaulu huimba kwa sauti yake mwenyewe, ila hulinda vitu viwili: mapigo ya gitaa yanayoutambulisha wimbo, na matamshi ya Kikuyu chenye methali ambacho De'Mathew alikipenda.

Lakini wengi hupungukiwa kwenye hadithi ya wimbo. Kwa haraka ya kuunganisha nyimbo, wanaimba ubeti wa kwanza na kiitikio, wanahamia wimbo mwingine. De'Mathew alikuwa msimuliaji. Ubeti wa tatu ndio mara nyingi uliobeba hoja. Ukikatwa, kinachobaki ni mdundo wa kucheza tu, na kijana aliyemjua kupitia klabu hatajua kwa nini wazee walimheshimu. Ushauri wangu: katika kila mfululizo wa nyimbo, uwepo angalau wimbo mmoja unaoimbwa mpaka mwisho.

Ushauri wa pili unahusu haki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki za mtunzi hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Nyimbo alizotunga De'Mathew ni mali ya warithi wake hadi mwisho wa 2069. Mpigaji amtaje mtunzi kabla ya kuanza, na mwenye klabu alipie leseni ya muziki. Heshima kwa marehemu ni pamoja na kuwalipa aliowaacha.