Peugeot: Sifa Iliyotoka Barabarani

Peugeot ilijua chuma kabla ya kujua gari. Mwaka 1810 familia ya Peugeot ya mashariki mwa Ufaransa iligeuza kinu cha nafaka kuwa kiwanda cha chuma, kikatoa misumeno, vinu vya kusagia kahawa na baadaye baiskeli. Gari la kwanza, la mvuke, lilikuja 1889. Hata hivyo, si ukongwe huo ulioipa Peugeot heshima katika Afrika Mashariki, bali barabara zetu. Mwaka 1963, ambapo magari saba tu yalimaliza mbio za magari za Safari Rally, la kwanza lilikuwa Peugeot 404. Likashinda tena 1966, 1967 na 1968, kisha 504 ikatwaa ushindi 1975 na 1978.

Mtu atasema, na ana hoja, kwamba gari la mashindano huandaliwa na mafundi maalumu, hivyo halithibitishi lolote kuhusu gari la mnunuzi wa kawaida. Basi tutazame teksi za masafa marefu za Kenya, zile Peugeot za safu tatu za viti zilizojaa abiria na mizigo. Mwenye teksi hababaishwi na vikombe. Anahesabu springi, shokomzoba na siku ambazo gari limelala gereji, na bado alichagua Peugeot. Ufaransa ilipoacha kuunda saluni ya 504 mwaka 1983, Kenya na Nigeria ziliendelea kuiunganisha kwa miaka mingi. Ni kweli Toyota iliipokonya soko baadaye, lakini naona bei na wepesi wa kupata vipuri vilichangia zaidi kuliko udhaifu wowote wa 504.