Mradi, Kipeuo na Riba: Istilahi za Hisabati Nje ya Darasa

Mwalimu wa hisabati anapowatoa wanafunzi wa kidato cha sita darasani na kuwapeleka kwenye kiwanja cha ujenzi, au kwenye kikundi cha akina mama wanaowekeana na kukopeshana fedha, jambo la kwanza linalotiwa katika mizani si hisabati bali lugha. Katika sekondari za Tanzania wanafunzi hao wamefundishwa somo hilo kwa Kiingereza. Istilahi za Kiswahili walizo nazo ni zile walizoziacha shule ya msingi, na fundi au mweka hazina wanayekwenda kuzungumza naye ana maneno yake ambayo aghalabu hayamo katika orodha zetu. Katika makala haya tunakusudia kuzitazama istilahi tatu ambazo ufundishaji wa namna hiyo unazijaribu, na kusema waziwazi ni ipi tunayoona imeshindwa.

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwezi Machi 1967, neno mradi limezoeleka shuleni kwa maana ya shamba la mahindi, banda la kuku au bustani ya mboga, yaani kitu cha kuipatia shule chakula au mapato. Si ajabu basi kwamba mwalimu anayeomba siku mbili za mradi huulizwa utaleta kiasi gani, na mzazi akalalamika kwamba mwanawe analimishwa wakati mtihani umekaribia. Istilahi ya kazi mradi iliyokuja baadaye imekusudiwa kuondoa utata huo, lakini imeyaunganisha maneno mawili ambayo kila moja linanukia jembe. Hata hivyo hatupendekezi ibadilishwe, kwa kuwa imekwisha kukaa vinywani mwa walimu. Linalotusikitisha ni jingine: shamba lile lile lililolipa neno mradi maana yake lilijaa hisabati, na mara nyingi hisabati hiyo haikuingia darasani. Mahindi yakipandwa mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 30, hekta moja huchukua mashimo 44,000 na ziada. Mwanafunzi alichimba mashimo hayo asubuhi, kisha saa nne akaingia darasani kukokotoa machungwa ya Juma.

Istilahi ya pili ni kipeuo. Tuseme wanafunzi wako msingini, na fundi amepiga vigingi vya nyumba ya mita 12 kwa mita 9. Ili kuhakikisha kwamba kona zimekaa sawa, fundi huvuta kamba kutoka pembe moja hadi pembe inayoielekea. Hajapata kuisikia kanuni ya Pythagoras kwa jina hilo, ila anajua kwamba tatu na nne huzaa tano. Mwanafunzi naye hukokotoa: kipeo cha pili cha 12 ni 144, kipeo cha pili cha 9 ni 81, jumla ni 225, na kipeuo cha pili cha 225 ni 15. Ulalo basi ni mita 15, na wote wawili wamekubaliana. Lakini hebu msomaji ayatamke maneno hayo kwa sauti penye kelele za mashine ya kuchanganyia zege: kipeo, kipeuo. Mambo mawili yaliyo kinyume yametenganishwa kwa irabu moja, na ubaoni, ambako macho husaidia masikio, hatukuliona kosa hilo. Kigawe na kigawo vina ugonjwa ule ule. Pale penye kipeo cha pili, mwalimu angeweza kusema mraba wa 12, akakiacha kipeuo peke yake. Fundi angeelewa nusu ya sentensi, na hilo si haba.

Istilahi ya tatu ndiyo iliyotusukuma kuandika. Baadhi ya walimu na watungaji huita riba rahisi ile riba inayokokotolewa wakati wote juu ya fedha iliyokopwa mwanzoni. Aliyeliunda jina hilo alikuwa akifikiria wepesi wa kukokotoa. Lakini sokoni rahisi ni kinyume cha ghali, na mama anayeambiwa kwamba mkopo wake una riba rahisi atashukuru. Tuchukue mkopo wa shilingi 1,200,000 unaolipwa kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Riba ikitozwa juu ya mkopo wote kila mwezi, atalipa riba ya shilingi 24,000 mara 12, yaani 288,000. Ikiwa kila mwezi anarudisha shilingi 100,000 za mkopo na riba inatozwa juu ya salio tu, ataanza na 24,000, mwezi wa pili 22,000, na hivyo hivyo hadi 2,000 mwezi wa mwisho. Jumla yake ni 156,000. Asilimia ni ile ile, miezi ni ile ile, na tofauti ni shilingi 132,000. Riba inayoitwa rahisi ndiyo ghali.

Hapa istilahi haikukosa ufasaha tu. Imemdanganya mtu kuhusu fedha yake. Wananchi walikwisha kuubatiza mkopo wa kunyonya kausha damu bila kusubiri kamati yoyote, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa jina hilo. Sisi tunapendekeza majina yanayosema riba inatozwa juu ya nini: riba ya mkopo wote na riba ya salio. Maneno yote hayo yamo tayari katika daftari la mweka hazina, pamoja na marejesho, hisa na dhamana.

Yamkini tutajibiwa kwamba istilahi hukamilishwa kwanza, ndipo zikatumike. Tume ya Rais ya Elimu ilipopendekeza katika ripoti yake ya mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari, pendekezo hilo halikutekelezwa, na upungufu wa istilahi ulikuwa miongoni mwa hoja zilizorudiwa mara kwa mara. Lakini riba rahisi ingekaa katika orodha miaka mia bila kasoro yake kuonekana, kwa sababu ndani ya orodha haina kasoro. Ingetosha mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita aketi na kikundi cha wakopaji alasiri moja, awasomee hesabu yao kwa Kiswahili, na asikie swali watakalomwuliza. Mwalimu atakayempeleka mwanafunzi huyo amwagize arudi na karatasi mbili, moja ya hesabu na moja ya maneno aliyoyasikia, na hiyo ya pili ailete kwetu.