Meseji imesomwa, mtoto kapewa maji

Tuanze na picha ya kufikirika, ingawa mtu aliyekaa Iguguno hataiona ngeni. Binti wa miaka 19 amejifungua mtoto wa kwanza na anaishi kwa wakwe zake. Simu ya nyumbani ni moja, kitochi cha mumewe. Jioni inaingia meseji: mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, asipewe hata maji. Mume anaisoma, anaiweka simu mfukoni, anakuja kumwambia mkewe kesho yake. Muda huo bibi wa mtoto kashasema, "Mwanangu, kwa jua hili mtoto ana kiu. Mpe maji kidogo." Mtoto kapewa maji.

Sasa, meseji imefanya kazi au haijafanya? Ukiuliza kompyuta iliyoituma, jibu ni fupi: imepokelewa. Hapo ndipo ugomvi wetu unapoanzia.

Huduma maarufu zaidi ya aina hii hapa kwetu ni Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa Novemba 2012 chini ya Wizara ya Afya na wadau wake. Mtu alituma neno MTOTO kwenda 15001, bure, halafu akapokea ujumbe unaoendana na umri wa mimba au wa mtoto. Tuwe waungwana: ilikuwa na mengi mazuri. Ilikuwa kwa Kiswahili, haikuhitaji bando wala simu janja, na baba pia aliweza kujiandikisha. Mamia ya maelfu ya watu walijiunga.

Lakini huduma za namna hii zina dhana moja ndani yake: kwamba mama hanyonyeshi inavyotakiwa kwa sababu hajui. Kwa wengi, hilo silo tatizo. Kliniki wameambiwa "miezi sita" mpaka wameikariri. Kinachomshinda mama wa mara ya kwanza ni jambo jingine: chuchu zimechubuka, mtoto analia usiku kucha, na kila anayeingia mlangoni anamwambia maziwa yake hayatoshi.

Hapa sayansi inasaidia. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama huachia homoni mbili: prolaktini, inayoamuru maziwa yatengenezwe, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Maumivu na hofu huichelewesha hiyo ya pili. Kwa hiyo titi ni kama duka linaloagiza mzigo kulingana na wateja. Mtoto akipewa maji au uji anashiba, ananyonya kidogo, na titi linapunguza uzalishaji. Wiki mbili baadaye maziwa yamepungua kweli, na bibi anaonekana alisema kweli tangu mwanzo. Kumbe ni yale maji! Na hayakuhitajika, maana zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, hata kwa jua la Singida.

Meseji yenye maneno machache inaweza kusema "usimpe maji". Haiwezi kutazama jinsi mtoto alivyopakatwa na kugundua kwamba ameshika ncha ya chuchu tu badala ya kujaza mdomo. Kunyonyesha ni ujuzi wa mikono, kama kuendesha baiskeli.

Jambo la pili ni nani anafikiwa. Zanzibar walifanya jaribio lililoitwa Wired Mothers, katika vituo 24 vya afya na wajawazito 2,550. Wanawake walipata meseji pamoja na vocha ya kupiga simu kwa mhudumu. Kujifungua kwa msaada wa mtaalamu kuliongezeka kwa wanawake wa mjini, ila kwa wa vijijini tofauti haikuonekana. Hilo halikuwa jaribio la kunyonyesha, lakini linatuonya tusipime Iguguno kwa rula ya mjini.

Je, simu haina maana basi? Ina maana, ikitumiwa vingine. Katika jimbo la Bauchi, Nigeria, watafiti waliwachukua wanawake wa vikundi vya mikopo. Simu ilitolewa moja kwa kila kikundi kidogo, meseji ikawa inasomwa kwa pamoja, kisha wanawake wakaigeuza kuwa nyimbo na maigizo yao wenyewe. Juu ya hapo kulikuwa na vikao vya ushauri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014: asilimia 64 walinyonyesha maziwa pekee hadi miezi 6, dhidi ya 43 kwa wasiopata mpango huo. Kenya nako, huduma ya PROMPTS ya Jacaranda Health inamruhusu mama kuuliza swali kwa meseji na kujibiwa. Mazungumzo hayo ni tofauti kabisa na tangazo.

Watetezi watatuonyesha takwimu za kitaifa: watoto wa chini ya miezi 6 wanaonyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 59 mwaka 2015-16, na 64 mwaka 2022. Ni habari njema. Ila mwaka 2010, kabla ya huduma hii, walikuwa 50, kwa hiyo huwezi kujua meseji ina sehemu gani katika kupanda huko. Idadi ya waliojiandikisha haijibu swali hilo.

Tungependa kuona nini Iguguno? Meseji isomwe kwenye kikoba, bibi akiwepo. Mhudumu wa afya wa jamii apate taarifa kwamba mama fulani ameuliza kuhusu chuchu, afike kesho yake amwangalie anavyompakata mtoto. Msimu wa mvua ukianza, ujumbe umfundishe mama anayerudi shambani kwenye alizeti namna ya kukamua na kuhifadhi maziwa, badala ya kumkumbusha tena ile miezi sita. Na mwisho wa mwezi, anayehesabu asihesabu meseji zilizopokelewa. Ahesabu watoto ambao hawakupewa maji.